Simu mpya inakuja mwezi wa tisa: usubiri au ununue sasa?

Kila ikikaribia mwezi wa nane, swali ni lile lile kwenye vibanda vya simu vya Msasani, kuanzia Mikoroshini hadi Bonde la Mpunga: "Kaka, si nisubiri mwezi wa tisa zishuke?" Anayeuliza mara nyingi hana mpango wa iPhone mpya kabisa. Anaitaka ile ya miaka minne au mitano nyuma, ya macho mawili au matatu, na amesoma mtandaoni kwamba toleo jipya likitoka, za zamani zinaporomoka bei.

Hajakosea sana. Shida ni kwamba tetesi anazozisoma zinamwambia mengi kuhusu simu ambayo hatainunua, na karibu hazimwambii kitu kuhusu ile atakayoinunua.

Tetesi zinatoka wapi?

Simu haitoki kiwandani moja kwa moja hadi dukani. Viwanda vya kava na protekta vinahitaji vipimo mapema ili mzigo uwe tayari siku ya kwanza. Marekani, kifaa chochote kinachorusha mawimbi ya redio hupitia kibali cha mamlaka ya mawasiliano, FCC, na China kuna TENAA. Nyaraka za huko huonyesha betri, vipimo na wakati mwingine picha kabisa. Halafu kuna watu ambao kazi yao ni kufukunyua, kama Mark Gurman wa Bloomberg na mchambuzi Ming-Chi Kuo, anayefuatilia wauza vipuri.

Na kuna uzembe wa kawaida wa binadamu. Mwaka 2010 mhandisi wa Apple alisahau baa, huko California, iPhone 4 ambayo ilikuwa haijatangazwa. Tovuti ya Gizmodo ikainunua kwa dola 5,000 na kuianika mbele ya dunia nzima. Google nao, mwezi Juni 2019, walipoona picha za Pixel 4 zimeshavuja, waliamua kuiposti wenyewe, miezi kama minne kabla ya uzinduzi.

Kwa hiyo tetesi si uongo mtupu, ila zinakosea. Mwaka 2021 mtandao mzima ulikuwa na uhakika kwamba Apple Watch Series 7 itakuwa na pembeni bapa. Ikatoka ya mviringo kama iliyotangulia. Hata kilichotangazwa rasmi kinaweza kuyeyuka: AirPower, kile kibao cha kuchajia bila waya, kilionyeshwa jukwaani Septemba 2017 na kufutwa Machi 2019 bila hata kimoja kuuzwa.

Kinachoaminika zaidi ni kalenda. Tangu 2012 iPhone kuu zimekuwa zikitangazwa Septemba, isipokuwa 2020 zilipochelewa hadi Oktoba. Galaxy S za Samsung huja mwanzoni mwa mwaka. Lakini hata kalenda sasa inasemwa itatikisika: tetesi zimetaja iPhone ya kukunja kwa mwaka 2026, na kwamba iPhone 18 ya kawaida itasogezwa hadi 2027. Hizo ni tetesi, zichukuliwe hivyo hivyo.

Bei ya Kariakoo haishuki usiku wa uzinduzi

Apple ikizindua, huwa inapunguza bei ya toleo la mwaka uliopita. Septemba 2024 kwa mfano, iPhone 15 ilitoka dola 799 hadi 699. Hiyo ni bei ya Marekani, kwa simu mpya.

Simu ya mtumba ina safari yake. Mteja wa Ulaya au Marekani anarudisha simu ya zamani ili apunguziwe bei ya mpya. Zinakusanywa, zinakaguliwa, zinapangwa kwa madaraja na kuuzwa kwa jumla. Nyingi hupita Dubai, ndipo zinaingia Kariakoo, na kutoka hapo zinasambaa Makumbusho, Msasani na kwingineko. Yote hayo huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Mzigo unapoanza kushuka, Krismasi nayo imekaribia na wateja wameongezeka. Ongeza na kupanda na kushuka kwa dola. Ndiyo maana mtu anaweza kusubiri tangu mwezi wa sita, na mwezi wa kumi akakuta bei haijasogea kiasi cha kumlipa subira yake.

Kinachokatika mwezi wa tisa ni umri

Hapa ndipo wengi hupigwa. Septemba 2025 haikuleta iPhone 17 tu. Ilileta pia mfumo endeshi wa iOS 26, na iPhone XR, XS na XS Max zikaachwa nje. Zilikuwa zimetoka 2018. Aliyenunua XR mwezi wa nane akifurahia kwamba kapata bei nzuri, alinunua simu iliyobakiza mwezi mmoja tu kwenye foleni ya matoleo makuu. iPhone 11 iliyokuwa jirani yake kwenye kabati la kioo iliingia.

XR haikufa siku ile, na watu wanaitumia. Ila programu huanza kuzikimbia simu za namna hiyo, moja baada ya nyingine. Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Januari mwaka huo huo ilishaziacha simu za Android 4.4 kushuka chini. Kwa muuza samaki anayepokea oda kwa WhatsApp, hapo simu imeshakuwa tochi.

Upande wa Android hesabu ni nyingine, maana namba za matoleo zinapanda kama lifti. Camon ya Tecno ilikuwa 20 mwaka 2023, 30 mwaka 2024 na 40 mwaka 2025. Infinix, ambayo ni ya kampuni hiyo hiyo ya Transsion kutoka China, inaruka kumi kumi vile vile kwenye Hot. Sasa fungua ndani. Camon 20 Pro ya 4G ilikuwa na prosesa ya Helio G99. Camon 30 ya 4G ina Helio G99 Ultimate. Camon 40 ya 4G ina Helio G100 Ultimate. Zote tatu zina muundo ule ule: viini vinane, viwili vikubwa na sita vidogo, vya nanomita 6. Kamera na kioo vinaweza kuwa vimeboreshwa, ila injini ni karibu ile ile.

Swali la kumuuliza muuzaji, basi, ni hili: itapata masasisho hadi mwaka gani? Samsung Galaxy A16, simu ya daraja la chini iliyotoka mwishoni mwa 2024, iliahidiwa miaka sita. Simu nyingi za bei hiyo hazifiki hata nusu yake.

Kwa anayechukua kwa mkopo wa kulipa kila siku, swali hilo ni zito zaidi. Tuseme kianzio ni 60,000 na malipo ni 1,500 kwa siku kwa mwaka mzima. Jumla ni 607,500. Ukichelewa inajifunga, na ukimaliza deni toleo lake limeshapitwa na lingine. Inafaa kuulizia bei ya taslimu ya simu hiyo hiyo kabla ya kusaini.

Na wanaosubiri iPhone 17 za Dubai zishuke, waangalie pembeni ya simu. Zinazouzwa Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Qatar na Oman hazina tundu la laini, ni eSIM tu. Za Marekani ziko hivyo tangu iPhone 14 ya mwaka 2022. Kwa mtu aliyezoea kuchomoa laini hii na kuchomeka ile akifuata bando la bei nafuu, hilo ni tatizo la kila siku.

Ya mwisho kabla ya kutoa hela: piga *#06# upate namba ya IMEI, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu la TCRA lilingane na simu iliyo mkononi. Usiku wa Juni 16, 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, na waliozinunua ndio waliobaki nazo.