Minazi ya Mtu Huru Ilikuwa ya Nani?

Nilipokuwa mtoto huko Malindi, kila tulipopita njia ya shamba nyanya yangu alikuwa akininyoshea kidole minazi fulani. "Ile aliipanda baba yangu kwa mikono yake," alikuwa akisema, "na mimi sikupata hata kidaka." Nikidhani ni maneno ya uzee.

Kumbe baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Bwana wake alimwacha kwa kauli tu, bila hati. Alipofariki, wana wa bwana walikuja matangani wakadai kwamba marehemu alikuwa bado mtumwa wao, na mali ya mtumwa ni ya bwana. Mashahidi walikuwa wamekwisha kufa. Shauri likaishia barazani, na minazi ikaenda.

Wasomaji, mambo haya yalikuwa na sheria yake. Kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, mtumwa hakurithi wala hakurithiwa. Akiachwa huru, huwa na mali yake na warithi wake. Lakini kamba moja hubaki, nayo huitwa walaa: aliyemwacha huru, au wanawe wa kiume, huchukua kinachobaki ikiwa marehemu hana jamaa wa kiume wa kuumeni.

Tuchukue mfano. Mtu huru amefariki akaacha mke, binti mmoja na minazi 80. Mke hupata thumuni, yaani 10. Binti hupata nusu, 40. Ile 30 iliyobaki huenda kwa nyumba ya bwana. Kwa hiyo hata kama wale wana wangalikuwa na haki ya walaa, nyanya yangu alikuwa na nusu yake. Ukosefu wa karatasi ndio uliomnyima yote.

Mtoto wa suria alikuwa na hali nyingine. Bwana akimkiri, huzaliwa mungwana na kurithi sawa na nduguze. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe Thuwaini na Majid, wote wana wa masuria, walizozania dola ya baba yao. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko Bara Hindi, aliamua Majid abaki na Unguja naye ailipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Utumwa wa mama zao haukuwazuia kutawala. Lakini katika nyumba za kawaida, bwana akifa kabla ya kumkiri mtoto, nduguze waliweza kumkana, na ugomvi ukaanza.

Serikali ilifuta hali ya utumwa Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Hata hivyo mabwana wengi walishikilia kwamba huru ya Serikali si huru, maana hawakuitoa wao. Mwaka 1908 ikaja sheria ya kuandikisha ardhi. Wenye hati na mashahidi waliandikisha. Waliopanda tu na kuvuna, wengi wao walijikuta maskwota katika mashamba waliyoyalima maisha yao yote.

Nyanya yangu hakuchukia mtu. Wajukuu wa wale waliomnyima walicheza nasi, na mazishini walishika jeneza lake. Lakini minazi ile hakuisahau.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu msomaji, ukimpa mtu haki yake, mwandikie.