Istilahi za Msumeno wa Mnyororo: Nguvu, Mlango na Haba

Msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa petroli, ambao wengi huuita chenso, si mashine ngeni tena kwa wapasuaji mbao wetu. Huko Marekani iko desturi, hasa miongoni mwa wakata magogo, ya kuifungua injini ya msumeno nyumbani na kuirekebisha ili iongezeke nguvu. Ujuzi wa namna hii husafiri upesi kuliko istilahi zake. Katika makala haya tunakusudia kujadili istilahi tatu ambazo zikikosewa, injini huharibika.

Istilahi ya kwanza ni "nguvu". Katika fizikia, nguvu ya injini ni kiasi cha kazi inayofanyika kwa kila sekunde, nayo hupimwa kwa wati. Nguvu farasi moja ni takriban wati 746. Nguvu hiyo hutokana na mambo mawili yanayozidishwa pamoja: kani ya kuzungusha mhimili, na kasi ya mzunguko. Katika mazungumzo yote mawili huitwa "nguvu", na hapo ndipo tatizo huanzia. Msumeno ulioongezewa kasi peke yake hulia kwa ukali ukiwa hewani, lakini ukikandamizwa katika gogo gumu huweza kulemewa. Kwa hiyo tunapendekeza dhana hizi zitenganishwe: "kani ya kuzungusha", "kasi ya mzunguko", na "nguvu", ambayo ni zao la hizo mbili.

Istilahi ya pili ni "mlango". Injini nyingi za misumeno hii ni za mipigo miwili, na silinda zake hazina vali kama za injini ya gari. Pistoni yenyewe, ipandapo na ishukapo, hufunua na kuziba nafasi zilizomo katika ukuta wa silinda. Kuziita nafasi hizo "vali" ni kosa, kwa kuwa vali ni kifaa kinachotembea. Kuziita "matundu" hakutoshi, kwa kuwa tundu laweza kuwa hata toboo la bahati mbaya. Sisi twaona "mlango" lafaa zaidi: mlango wa kuingizia, mlango wa kupitishia, na mlango wa kutolea moshi. Neno hili lina faida nyingine, kwani mlango una kizingiti. Fundi akikichonga kizingiti cha juu cha mlango wa moshi, mlango huo hufunguka mapema zaidi pistoni inaposhuka. Injini hupumua vyema kasi ikiwa kubwa, bali kani yake hupungua kasi ikiwa ndogo. Tena, kilichokwisha kuchongwa hakirudi.

Istilahi ya tatu ndiyo yenye hatari kuliko zote. Wengi huanza kwa kupanua njia ya moshi katika sailensa, kazi ionekanayo kuwa nyepesi. Hewa huingia kwa wingi zaidi, lakini petroli haiongezeki kwa kadiri ile ile mpaka skrubu ya kabureta ifunguliwe kidogo. Mchanganyiko uliopungukiwa petroli tuuiteje? Mwenye kutafsiri neno kwa neno atasema "mchanganyiko mwembamba". Fundi akisikia hivyo, huenda akadhani dawa yake ni kuongeza oili katika petroli ili mchanganyiko uwe mzito. Kumbe kila oili inapozidi, petroli ipitayo katika kabureta huzidi kupungua, na kosa hukua badala ya kuondoka.

Ikumbukwe kwamba injini hii hutegemea oili iliyochanganywa na petroli, aghalabu sehemu 1 kwa 50, yaani mililita 100 katika lita 5. Petroli ikipungua, oili nayo hupungua, na joto hupanda. Pistoni hukwaruzika, kisha hukwama. Ndipo gereji husema injini imenoki. Kwa hiyo twapendekeza "mchanganyiko wenye petroli haba", na kinyume chake "wenye petroli tele". Maneno haya hutaja kilichopungua au kilichozidi, wala hayamwachi fundi abahatishe.

Hata sikio lahitaji istilahi. Mlio mkali, safi, usio na mkwaruzo, humfurahisha mwenye msumeno, ilhali huweza kuwa dalili ya petroli haba. Injini iliyorekebishwa vyema, ikiachiwa kasi yote pasipo kukata, aghalabu hugugumia kidogo. Mnyororo uingiapo katika mti, kigugumizi hutoweka. Twauita "mlio wa kugugumia".

Hatusemi kwamba kila mtu afungue msumeno wake. Afunguaye sailensa huongeza kelele, na akiondoa wavu wa kuzuia cheche huweza kuuwasha msitu mkavu. Twasema tu kwamba anayefundishwa kazi hii kwa lugha yake ana haki ya kufundishwa kwa maneno yasiyompotosha. Wasomaji walio mafundi twawaomba watuletee maneno wanayoyatumia karakanani, ili yapimwe pamoja na haya.