Gari kuukuu linapozima ghafla: Jinsi ya kutambua kiini cha hitilafu

GARI la familia linalozima barabarani kisha kuwaka tena baada ya dakika chache huwatatiza mafundi kuliko lile lililokataa kuwaka kabisa.

Likifikishwa gereji, hunguruma vizuri kana kwamba halijawahi kuwa na kasoro. Fundi asiyeona hitilafu huanza kubahatisha: leo hubadilisha plagi, kesho betri, kesho kutwa pampu ya mafuta. Mwenye gari hulipa mara tatu, na gari likaendelea kuzima.

Kwa wakazi wa Nakuru na viunga vyake, hatari haiishii mfukoni. Barabara ya kuelekea Eldoret hupanda kupitia Salgaa, Sachangwan na Mau Summit hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Safari ya kurudi ni mteremko mrefu unaotumiwa na malori mengi. Ni katika sehemu hiyo, huko Migaa, ambapo basi na lori ziligongana Desemba 31, 2017 na kuua zaidi ya watu 30.

Injini inapozima, usukani wenye msaada wa injini huwa mzito. Kifaa kinachoongezea breki nguvu nacho hubaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu, kisha kanyagio huwa gumu.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi si kufungua boneti, bali ni kuweka kumbukumbu. Dereva aandike kila mara gari linapozima: je, injini ilikuwa na joto au baridi? Gari lilikuwa likipanda, likiteremka au limesimama? Mvua ilikuwa imenyesha? Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani? Muhimu zaidi, injini ilikata ghafla au ilikohoa kwanza?

Injini inayokata ghafla, kama taa iliyozimwa, kwa kawaida huwa na tatizo la umeme. Iwapo redio na taa zote za dashibodi zilizima pamoja nayo, fundi aanzie kwenye vichwa vya betri, waya wa ardhi na swichi ya ufunguo.

Ikiwa taa zilibaki, mshukiwa ni koili au sensa inayosoma mzunguko wa injini. Sehemu hizi zikizeeka hufeli zinapopata joto na kurejea kazini zikipoa. Ndiyo maana gari huwaka baada ya mapumziko ya nusu saa. Dalili moja ni sindano ya kupimia mizunguko ya injini kuanguka hadi sufuri huku gari lingali likienda na gia imeingizwa.

Aidha, kisisahaulike kifaa cha king'ora kinachokata umeme wa injini ili kuzuia wizi. Kikiwa kimefungwa vibaya, huweza kulizimisha gari la mwenyewe.

Injini inayokohoa na kupoteza nguvu kabla ya kuzima, hasa mlimani, mara nyingi inakosa mafuta. Filta iliyoziba huruhusu petroli ya kutosha gari likiwa tambarare, lakini si likibeba familia nzima kupanda Sachangwan. Mazoea ya kuendesha gari tangi likikaribia kukauka huzidisha tatizo, kwa kuwa pampu iliyomo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe.

Kuna jaribio lisilogharimu chochote. Gari likizima, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na injini ikawaka mara moja, huenda tundu la kupitishia hewa limeziba.

Petroli iliyochanganywa na mafuta taa au maji pia huleta dalili hizo. Mwaka wa 2018 serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kukomesha uchanganyaji huo.

Mwinuko nao una mchango wake. Hewa ya Timboroa ni takriban robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Kabureta isiyorekebishwa hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na plagi hujaa masizi. Isitoshe, hewa ikipungua petroli huchemka upesi, na mvuke wake huweza kuziba mipira ya magari ya kabureta.

Jina la Nakuru huhusishwa na neno la Kimaasai linalomaanisha mahali pa vumbi. Vumbi hilo, likichanganyika na mafuta ya injini, huziba njia ndogo ya hewa inayotumika dereva anapoachilia mafuta. Gari kama hilo huzima kwenye makutano na matuta, si katika mwendo wa kasi. Mara nyingi tiba ni kusafisha tu.

Kwa upande mwingine, gari linalozima wakati wa ukungu na mvua, kama ilivyo kawaida Molo na Elburgon, likaguliwe waya za plagi zilizopasuka.

Fundi anapaswa kupima msukumo wa petroli na moto wa plagi hitilafu ikiwepo, kisha abadilishe kitu kimoja kwa wakati. Akibadilisha vitatu kwa pamoja, hakuna atakayejua ni kipi kilichoponya.

Gari likizima barabarani, dereva asichomoe ufunguo kwani usukani unaweza kujifunga. Akanyage breki kwa mkazo mmoja bila kupigapiga, awashe taa za tahadhari, atoke upande wa kushoto na kuweka pembetatu za kuakisi mwanga mbali nyuma ya gari.

Na hadi kiini kipatikane, gari hilo lisipelekwe kwenye mteremko wa Salgaa.