Programu Ikiganda, Usiifunge Kwanza

Programu ikiganda, mkono hukimbilia kufunga dirisha. Hapo ndipo ushahidi unapopotea. Programu iliyokwama bado inajua iko mstari gani, imefikaje hapo na imebeba thamani zipi. Ukishaifunga, unabaki kukisia.

Tazama kwanza prosesa. Ikiwa imetulia kabisa, programu inasubiri kitu, pengine jibu la mtandao. Ikiwa inachemka huku kumbukumbu haipandi, shuku kitanzi kisichoisha. Funksheni inayojiita yenyewe bila kikomo huwa haikawii kujulikana: kila mwito huwekwa juu ya rundo, na rundo hilo lina ukubwa wake, kwa kawaida MB 8 kwenye Linux na MB 1 kwenye Windows. Python haingoji lijae. Miito ikikaribia 1000 inakatiza kazi na kutoa RecursionError.

Chukua faktoria iliyoandikwa hivi: n ikiwa sawa na 0, rudisha 1, la sivyo, zidisha n kwa faktoria ya n − 1. Ipe 5, inajibu 120. Ipe 2.5, inashuka hadi 1.5, kisha 0.5, kisha −0.5. Sifuri imesharukwa na hakuna tena cha kuizuia. Sharti la kusimama lipo, tena ukilisoma halina kasoro, ila halifikiwi. Kwa hiyo katika msururu mrefu wa miito unaokuja na RecursionError sihangaiki na mstari unaojirudia. Kwa kikagua hitilafu, natafuta thamani ya n katika miito mitatu minne ya mwanzo. Kama haibadiliki, mtu amesahau kuipunguza. Kama inabadilika, ninauliza imepitia wapi bila kugusa sharti. Wanaokimbilia kupandisha kikomo kwa sys.setrecursionlimit hapa wanajichosha bure: 2.5 haitafika sifuri hata kikomo kiwe milioni.

Fibonacci hudanganya zaidi. Iandike kwa njia ya kujiita mara mbili, uombe fib(40). Kina hakizidi 40, kwa hiyo hakuna kosa litakalotokea, lakini miito inafika 331,160,281 na skrini inakaa kimya. Isimamishe kwa kitufe cha kusitisha cha kikagua hitilafu, tazama rundo, iachie, kisha isimamishe tena. Ukikuta rundo fupi lenye thamani tofauti kila mara, programu haijakwama, inajitesa kwa kurudia hesabu zilezile. Weka lru_cache juu ya funksheni, na hesabu zinabaki 41.

Wakati mwingine kikagua hitilafu chenyewe ndicho kinachoganda. Ili kukuonyesha vitu, dirisha la thamani huendesha kodi yako, hasa __repr__. Kama umeiandika isome hifadhidata, nalo litaingoja hifadhidata. Lifunge, uulize sehemu mojamoja unayoihitaji.