Sababu gani tulipunguza nguvu ya redio ya intaneti



Wengi wenu mumetuuliza sababu gani muganga wa hospitali ya jirani alikuja kwa prefe na uso wa hasira. Kosa lilikuwa letu, sisi wa kikundi cha fizike, basi ni sisi tutakaoeleza.

Munajua sahani nyeupe iliyo juu ya paa la laboratware. Inatazamana na nyingine ku mulima, kilometa 5 toka hapa. Kiisha ule upepo mukubwa intaneti ilianza kwenda pole pole sana. Sisi hatukupanda ku paa hata kuangalia. Tulikaa mbele ya ordinatere, tukafungua orodha ya redio, tukapandisha nguvu. Redio ilikataa kupita kipimo cha inchi yetu. Mumoja wetu akasema: chagua inchi ingine! Tukachagua, na nguvu ikapanda toka 8 dBm mpaka 25 dBm.

Hapa tukumbuke kozi ya logaritme. 0 dBm ni miliwati 1. Kila mara unapoongeza 3, nguvu inakuwa karibu mara mbili. Ukiongeza 10, inakuwa mara kumi. 8 dBm ni miliwati 6 na kidogo, kitu kidogo kabisa. Lakini toka 8 mpaka 25 ni hatua 17, ndiyo kusema mara 50!

Tena kuna sahani. Angalia torchi: kioo kilicho nyuma ya taa hakiongezi nguvu ya pile, kinakusanya tu mwangaza upande mumoja. Sahani yetu inakusanya vile vile, kwa kipimo cha 23 dBi. Kamba inapoteza 1. Basi ile nguvu inayotoka mbele, inayoitwa PIRE mu kifaransa, ni 8 + 23 − 1, ni 30 dBm, ndiyo wati 1. Na siku ya kosa letu: 25 + 23 − 1, ni 47 dBm. Mutu aliyesimama mbele ya sahani ile ni sawa na kusimama mbele ya redio ya wati 50 isiyo na sahani.

Sheria inapima nguvu ile ya mbele, kwa hiyo mutu anayenunua sahani kubwa zaidi ni lazima apunguze nguvu ya redio. Ku Ulaya, kati ya MHz 5470 na 5725, mupaka ni PIRE ya wati 1 kama redio inajua kujipunguza yenyewe, na nusu yake kama haijui. Marekani wana hesabu ingine. Kwetu Kongo masafa yanaangaliwa na ARPTC, na sheria ya mawasiliano ni ile ya tarehe 25 Novemba 2020. Kwa sababu hii orodha ya inchi imewekwa ndani ya redio. Si ya kuchezea.

Wengine watasema: hii mipaka ni mambo ya karatasi tu. Hapana. Kule San Juan, ku kisiwa cha Puerto Rico, iko radar inayotafuta pepo za hatari kwa ndege zinazotua, nayo inasikiliza kati ya MHz 5600 na 5650. Katika 2009 wakaguzi wa FCC ya Marekani walikuta redio za intaneti zinasumbua radar ile. Zingine zilikuwa zimefungiwa sikio lake, ile kazi ya kusikiliza radar na kuhama. Wenye redio walitozwa faini.

Kwetu hakuna radar, lakini kuna hospitali. Kumbe upepo ulikuwa umegeuza sahani yetu, nayo ikatazama upande wao. Siku mbili hawakuweza kutuma picha za mifupa kwa munganga wa muji, na mama mumoja aliyevunjika muguu alingoja siku zote mbili. Tulienda kumwomba masamaha.

Fundi alipofika hakugusa ordinatere kwanza. Alipanda ku paa na ufunguo wa 13, akageuza sahani pole pole, mumoja wetu akisoma namba kwa sauti. Ilipofika karibu −69 dBm akakaza. Ni ile ile hesabu inayotoa: kwa MHz 5500, kilometa 5 zinakula desibeli 121, 30 − 121 + 23 − 1. Kisha akarudisha inchi yetu mu orodha na nguvu ku 8. Intaneti ikaenda vizuri kupita ile siku ya 25.

Fundi ametia alama ya rangi nyekundu ku nguzo. Kila kiisha upepo, wawili wa darasa la tano wataangalia kama alama imehama, mbele ya mutu yeyote kufungua orodha.