Dari inalowa kwenye tundu la hewa? Usizibe kabla hujajua maji yanatoka wapi

Wengi tukiona doa la maji kuzunguka tundu la hewa kwenye dari tunafanya mambo mawili: tunaziba tundu, kisha tunapaka rangi juu ya doa. Wiki mbili baadaye doa linarudi, tena likiwa kubwa zaidi.

Kwa wakazi wa Songwa, Maganzo, Mwadui na maeneo mengine ya Kishapu, hili linaonekana sana msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Nyumba nyingi mpya zina bati juu na jipsamu chini, katikati kuna nafasi yenye kenchi na nyaya za umeme. Tundu la hewa ndilo linalolaumiwa, lakini mara nyingi halina kosa. Maji yametoka kwingine, yamepita hapo tu.

Kwa nini palowe hapo hapo?

Kuna sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba maji yakishaingia juu ya dari yanatafuta njia rahisi ya kushuka. Yanaweza kuingia upande mmoja wa paa, yakatembea juu ya mbao mita kadhaa, halafu yakatokea kwenye tundu. Bati linaweza kuwa limetoboka juu ya chumba cha watoto, doa likaonekana sebuleni.

Ya pili ni jasho la bati. Hewa yenye joto inabeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Kwa nyuzi joto 30, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba takriban gramu 30 za maji. Ikipoa hadi nyuzi 15, inabeba kama gramu 13 tu. Kinachozidi kinageuka matone.

Sasa fikiria usiku ambao mvua imekatika na mbingu imetakata. Bati linapoa haraka, linakuwa baridi kuliko hata hewa ya nje. Mvuke wa kupika, kuoga na kupumua unapanda kupitia tundu, unagusa bati, unakuwa maji na kudondoka pale pale ulipopandia. Ni kama kifuniko cha sufuria.

Swali la kwanza: linalowa lini?

Kabla ya kulipa fundi, jibu swali hili. Litakuokolea hela.

• Linalowa mvua ikinyesha au muda mfupi baadaye: bati linavuja. Shuku misumari iliyolegea, kofia za paa, maungio ya bati na gata zilizojaa majani.

• Linalowa alfajiri bila mvua, likakauka mchana: hilo ni jasho la bati.

• Linalowa baada ya watu kuoga au kupika: mvuke wa ndani hauna njia ya kutoka nje.

• Linalowa AC ikiwashwa: bomba la kutolea maji ya AC limeziba, au hewa ya baridi inapoza dari hadi inatoa jasho. Hili liko zaidi kwenye gesti na ofisi, kama zile za Kahama na Geita.

• Linalowa muda wote, mvua iwepo isiwepo: angalia mabomba na tenki kama vipo juu ya dari.

Rangi ya doa nayo inasema kitu. Mduara wa kahawia mara nyingi ni maji yaliyopita kwenye vumbi na mbao, yaani kuvuja. Vidoti vyeusi ni ukungu, dalili ya unyevu unaokaa muda mrefu.

Pima mwenyewe

Chukua penseli, chora ukingo wa doa, andika tarehe pembeni. Piga picha kwa simu asubuhi na jioni kwa wiki moja. Doa likivuka mstari, utajua siku gani limekua na siku hiyo kulikuwa na nini.

Kipimo cha pili: subiri sehemu ikauke, kisha bandika kipande cha foili ya jikoni kwenye dari, ukizibe kingo zote kwa selotepu. Kiache siku moja au mbili. Upande unaotazama chumbani ukilowa, unyevu ni wa hewa ya ndani. Ukilowa upande uliogusa dari, maji yanatoka juu.

Ukishuku bati, mtu amwage maji kwenye paa likiwa kavu, aanze chini akipanda taratibu, mwingine akiwa ndani anatazama. Akianza juu, hamtajua maji yameingilia wapi.

Rekebisha chanzo, siyo doa

Kama ni kuvuja, badilisha misumari iliyolegea na mipira yake, ziba maungio, safisha gata kabla ya Novemba.

Kama ni mvuke wa bafuni, hakikisha feni inatoa hewa nje kabisa. Kosa la kawaida ni feni kutupa mvuke juu ya dari, ukaishia chini ya bati. Unganisha bomba hadi nje ya ukuta.

Kama ni jasho la bati, nafasi ya juu ya dari inahitaji kupumua. Fungua matundu ya dari ya nje, yale ya chini ya ukingo wa paa, na uweke wavu wa kuzuia popo na ndege. Kwa nyumba inayojengwa, kuweka foili ya kuzuia joto chini ya bati kunasaidia sana.

Rangi iwe ya mwisho, dari ikishakauka kabisa.

Hapa usichezee

Maji yakiwa karibu na taa au feni, zima meini swichi kwanza, kisha ita fundi umeme. Jipsamu iliyobonyea imebeba maji, inaweza kuanguka. Ondoa kitanda na watoto chini yake.

Ukungu nao siyo uchafu tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likihusisha unyevu na ukungu wa ndani na matatizo ya kupumua, ikiwemo pumu. Ukiusafisha kwa dawa ya klorini, fungua madirisha na usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya usafi.

Na kwa nini usizibe tundu?

Kwanza, mvuke utabaki ndani na kuhamia kwenye kuta na kabati la nguo. Pili, na hili ni kubwa zaidi, nyumba nyingi zinatumia mkaa. Jiko la mkaa linatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Tundu peke yake halitoshi kukulinda, kwa hiyo usilale na jiko ndani. Lakini ukiziba na tundu, umeondoa hata ile njia ndogo iliyokuwepo.

Doa la dari linaweza kusubiri wiki moja ya kupiga picha. Tundu liache wazi.