Ukirudisha bonasi kwa mwajiri, kodi iliyokatwa huishia wapi?

Kikuubo, uchochoro wa maduka ya jumla katikati ya jiji la Kampala, hauna utulivu kuanzia alfajiri. Nyuma ya shehena za sukari, sabuni na mafuta ya kupikia wapo wauzaji, watunza stoo na wahasibu walioajiriwa. Mwajiri anayetaka kumbakiza muuzaji hodari huweza kumpa bonasi kwa sharti kwamba asiondoke kabla ya muda fulani. Akiondoka mapema, hutakiwa kuirudisha.

Hapo ndipo swali la kodi huzuka.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda, ya mwaka 1997, huihesabu bonasi kuwa mapato ya ajira sawa na mshahara. Mwajiri huikata kodi, maarufu kwa jina la PAYE, kabla ya kumlipa mfanyakazi, kisha huiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato, URA. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2012, sehemu ya mapato ya mwezi inayozidi shilingi 410,000 hutozwa asilimia 30, na inayozidi milioni 10 hutozwa zaidi.

Tuchukue mfano wa muuzaji anayelipwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Desemba anapewa bonasi ya shilingi 2,000,000, naye anaahidi kubaki kwa miezi 12. Bonasi hiyo inakatwa kodi ya shilingi 600,000. Mkononi anapokea 1,400,000, kabla ya mchango wa NSSF. Mei anaacha kazi, na mwajiri anadai milioni mbili kamili. Akizilipa, atakuwa amerudisha shilingi 600,000 ambazo hakuwahi kuzishika.

Je, kodi hiyo hurudi?

Haijirudii yenyewe. Mapato ya mfanyakazi hutozwa kodi pale anapoyapokea. Hata hivyo, sheria inatambua kwamba mtu aweza kupokea fedha akiamini ni haki yake, kisha akalazimika kuzirudisha. Katika hali hiyo, hesabu ya mapato yake hurekebishwa katika mwaka anaozirudisha, si katika mwaka aliozipokea.

Kwa hiyo tarehe ina uzito. Mwaka wa mapato nchini Uganda huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Muuzaji wetu akirudisha fedha kabla ya Juni 30, bonasi na marejesho yake huangukia mwaka mmoja, na ni rahisi zaidi kuonyesha kwamba kodi ilizidi.

Akichelewa hadi Julai, nafuu hutegemea mapato ya mwaka mpya. Tuseme amepata kazi nyingine ya shilingi 300,000 kwa mwezi. Kodi yake ni shilingi 6,500 kila mwezi, yaani 78,000 kwa mwaka. Hata akikubaliwa kuondoa milioni mbili katika mapato hayo, nafuu haiwezi kuzidi 78,000, ilhali awali alikatwa 600,000. Asiye na kazi mwaka huo hana mapato ya kupunguza.

Mfanyakazi afanye nini?

Kwanza, kabla ya kutia saini, aulize kama atakayodaiwa ni bonasi nzima au kiasi alichopokea baada ya kodi, na jibu liandikwe katika mkataba.

Pili, atunze hati ya maelezo ya mshahara, ambayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa haki ya kuipata, pamoja na risiti ya fedha alizorudisha.

Tatu, awasilishe ritani ya kodi na ombi la marejesho kwa URA. Mwenye mwajiri mmoja na asiye na mapato mengine halazimiki kuwasilisha ritani, na wengi hukaa kimya kwa sababu hiyo. Lakini kimya hakirudishi fedha. URA ikitoa uamuzi wa kodi asioridhika nao, ana siku 45 za kuupinga kwa maandishi.